Aliyepewa Zamu ya Keith

KITUO CHA POLISI, THORNSEA
MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Kupotea na kuonekana tena kwa Keith Ollerenshaw

Jina: Trevor Ollerenshaw
Umri: Miaka 57
Kazi: Fundi wa kuezeka paa
Makazi: Rotherham
Siku na mahali: Jumapili tarehe 13 Oktoba 2019, alasiri, chumba cha mahojiano
Mbele ya: Sajini M. Tuckwell

Mimi niliyetajwa hapo juu nina akili zangu timamu. Shule niliiacha mapema, lakini macho yangu hayakuacha lolote. Kazi yangu ni mapaa. Nimewahi kuezeka kanisa siku ambayo upepo ulimchukua msaidizi wangu ukamtua kijiji cha pili, akarudi kwa basi, tukamalizia kazi kabla ya chai. Sajini ameniambia hilo si la leo. Sawa. Nimelisema ili ijulikane kwamba mimi si mtu wa kuogopa ovyo.

Keith ni mdogo wangu, tumbo moja. Glenys ni mke wake, yaani shemeji yangu. Mimi sina mke, kwa sasa. Kila mwaka watalii wakishaondoka sisi watatu tunakuja Thornsea mwisho wa wiki mmoja. Hatuji kuogelea. Maji yale hata sili huyaingia kwa kusitasita. Tunakuja kula.

Mnamo Ijumaa tarehe 11 Oktoba tulifika jioni, tukaweka mizigo kwenye nyumba ya wageni, tukaenda moja kwa moja kwenye duka la samaki na chipsi lililo karibu na gati. Tulikaa ndani. Tulikula samaki, chipsi, njegere za kupondwa, mkate na siagi, na chai birika zima. Wakati tunatoka, shakwe mwenye ukubwa wa mbwa alinivamia nikampiga kofi moja akaangukia baharini. Glenys alisema, "Shemeji, alikuwa njiwa. Na hukumpiga, ulipiga kelele." Keith alicheka mpaka akashika ukuta. Usiku huo alikuwa mzima kabisa, mwenye furaha, na hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Nimeulizwa hilo mara tatu na jibu langu ni lile lile.

Jumamosi tarehe 12, saa saba kasoro mchana, tuliingia baa ya Nanga Kongwe. Jua lilikuwa linawaka. Naomba hilo liandikwe vizuri: jua, barabara kavu, hakuna tone la mvua tangu asubuhi. Tulipata meza ya dirishani. Keith akainuka kwenda kaunta kuagiza, kwa sababu anayeagiza kwetu ni Keith siku zote. Ana tabia ya kutembea huku anajisemea agizo asilisahau. Nilimsikia akisema, "Nyama ya nguruwe na mayai ya Trev, pai ya samaki ya Glenys, kaa wangu mimi. Nyama na mayai, pai, kaa." Kaa huwa wa Keith peke yake. Glenys akila kitu chochote chenye gamba shingo inavimba na pumzi inakata. Mwaka wa kwanza wa ndoa nusura afe kwa kumla kamba mmoja.

Sasa, Sajini anajua mambo ya kaunta zetu, lakini liandikwe. Kaunta ya baa haina mstari. Watu wanasimama tu, kila mmoja anaangalia pembeni kama hana haja. Lakini kila mtu anajua nani alifika kabla yake. Mhudumu akiuliza, "Nani anafuata?" na wewe ukajua kuna mtu alikutangulia, unamwonyesha yeye, hata kama kiu inakuua. Usipofanya hivyo watakukumbuka kwa ubaya hadi watoto wako waote mvi. Na Keith ni mbaya zaidi ya wote. Keith anampisha hata aliyemkuta. Mlangoni anashika mlango mpaka anageuka kuwa bawabu.

Niliona hivi. Mhudumu aliuliza, "Nani anafuata, wapenzi?" Zamu ilikuwa ya Keith bila ubishi. Pembeni yake alikuwepo mzee mwenye koti refu jeusi. Sikumwona akiingia. Koti lilikuwa linachuruzika maji chini kwenye pindo, na nywele zimemgandia kichwani kama mwani. Keith alimtazama, akainua mkono hivi, kiganja wazi, akasema, "Tangulia wewe, mzee. Umelowa."

Mzee hakusema asante. Kwetu mtu asiposema asante unageuka kumtazama mara ya pili, na ndiyo sababu namkumbuka. Akainama juu ya kaunta akaanza kuongea na mhudumu. Glenys alinigusa nimtazame mtoto aliyeangusha aiskrimu nje. Nilipogeuka tena, mzee hayupo. Keith hayupo.

Tulidhani ameenda msalani. Baada ya muda mhudumu alileta sahani mbili, nyama na mayai, na pai ya samaki. Glenys akamwuliza, "Na ya tatu, kipenzi?"

Mhudumu akasema, "Yule bwana kasema atakula pale pale."

"Pale wapi?"

"Kaunta. Amekwisha maliza, nadhani. Kila kitu kiko sawa?"

Tukasema, "Kizuri sana, asante."

Tukala. Najua inavyosikika. Chipsi zilikuwa zinapoa, na watu wa meza za jirani walikuwa wanatazama, na mtu huwezi kuanza kupiga kelele kwenye baa ya watu eti mtu mzima amechelewa msalani. Glenys aliweka kitambaa juu ya kiti cha Keith mtu asikichukue.

Baadaye nilikwenda kaunta mwenyewe. Sahani ya kaa ilikuwepo. Haikuwa na nyama. Hata magamba yameliwa. Vipande vichache vilivyobaki vilikuwa na alama za meno. Pale palipokuwa pamesimama mtu kulikuwa na maji kwenye ubao, nikachovya kidole nikaonja. Yalikuwa maji ya chumvi.

Nilimtafuta msalani, uani, ufukweni, hadi ncha ya gati. Glenys alikwenda nyumba ya wageni. Mswaki wa Keith ulikuwepo, dawa zake za presha zilikuwepo. Saa kumi na moja tulikuja hapa kituoni kutoa taarifa. Kijana wa mapokezi alituambia kwa upole kwamba waume wengi hurudi wakisikia njaa. Alipoandika jina langu aliniuliza kama ni mimi yule niliyewahi kuripoti nyangumi kwenye bwawa la mashua za watoto. Ni mimi. Lakini hili ni jambo jingine.

Saa moja jioni tulikwenda mgahawa wa Lombardi, ambako Keith mwenyewe alishika nafasi tangu Agosti. Sikutaka kwenda. Glenys alisema, "Kama ana akili yoyote kichwani atakuja hapa. Anajua nimekasirika na anajua nina njaa." Alikuwa amepaka rangi ya midomo lakini upande mmoja ulikuwa umepinda. Sikumwambia.

Mhudumu wa Lombardi alitupokea kwa bashasha. Akasema, "Karibuni, karibuni! Bwana wenu amekwisha agiza. Alisema mtakuja nyuma yake."

Glenys alivuta kiti akakaa. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Akasema, "Nitamuua. Shemeji, utanisaidia kuzika." Mimi niliagiza mvinyo, nikafurahi.

Kisha chakula kikaja. Mimi niliwekewa tambi, chakula ambacho sijawahi kukigusa na Keith anajua. Mbele ya Glenys waliweka bakuli la kome na magamba yao, wako wazi, wanatoa mvuke.

Mhudumu akauliza, "Kila kitu kiko sawa?"

Mimi, Trevor Ollerenshaw, niliyewahi kumrudishia mpishi mmoja wa hoteli kubwa bata mzima na kumfundisha namna ya kumkaanga, nilifungua mdomo nikasema, "Kizuri sana, asante." Maneno yalitoka yenyewe.

Glenys alinipiga teke chini ya meza. Akasukuma bakuli kwa kidole kimoja. Akasema polepole, "Miaka thelathini na moja. Keith ananusa supu yangu kabla sijaionja. Keith hawezi kuniwekea hiki kitu mezani hata akiwa amelewa, hata akiwa amenichoka. Hajaagiza Keith."

Nikamwuliza mhudumu bwana aliyeagiza alikuwaje. Akasema alikuwa na adabu, hakukaa, alisimama pale mlangoni. "Alikuwa amelowa, maskini," akasema. "Nilimwuliza jina akasema Keith. Nilipiga deki mara mbili na bado panateleza."

Hapo Glenys akapiga simu ya Keith, kama alivyokuwa akipiga mchana kutwa bila kupokelewa. Safari hii ilipokelewa. Akaiweka mezani katikati yetu tusikie wote. Keith hakuongea nasi. Ilikuwa kama simu imejibonyeza mfukoni. Tulisikia baa. Glasi zinagongana, watu wanaongea, mwanamke anauliza, "Nani anafuata?" Halafu kwa mbali, sauti ya mdogo wangu, ile ile, ya upole, inasema, "Tangulia wewe." Kisha tena, "Nani anafuata?" "Tangulia wewe, sina haraka."

Glenys alimwita jina hadi wenye mgahawa wakaja. Simu ikakatika. Tulikimbia hadi Nanga Kongwe. Ilikuwa imejaa, na mhudumu alikuwa mwanamume. Keith hakuwepo. Polisi walikwenda pia, na watu wa boti ya uokoaji waliingia baharini na taa zao, na nawashukuru kwa hilo, ingawa mimi nilijua hayupo baharini.

Nimeulizwa kama nilikuwa nimekunywa. Nilikuwa nimekunywa painti tatu mchana na mvinyo kidogo jioni, kiasi ambacho kwangu ni cha kusukutulia.

Hatukulala. Kulipokucha, mwenye nyumba alituletea soseji na mayai, tukasema kizuri sana asante, na hakuna aliyegusa. Glenys alikuwa anageuza yai kwa uma. Ndipo akasema, "Alimpa zamu yake, Trev."

Nikasema, "Nani?"

"Keith. Alimpa yule mzee zamu yake. Yule akaichukua, akaondoka nayo, na sasa anazunguka mji mzima anakula kwa jina la mume wangu. Na Keith bado amesimama anangoja ifike yake. Haitafika. Anampisha kila mtu."

Nilimwambia hayo ni maneno ya mtu asiyelala. Akanijibu, "Wewe ulimwona nyangumi kwenye bwawa la watoto, usiniambie habari za usingizi." Akauliza leo Keith alishika nafasi wapi. Ilikuwa baa ya Kondoo Dume, kule mwisho wa barabara ya ufukweni, chakula cha mchana cha Jumapili. Akasema, "Basi yule atakuwa pale. Na safari hii tutafika kabla hajaagiza."

Leo Jumapili, saa sita na nusu, tuliingia Kondoo Dume. Ilikuwa imefurika. Familia, mabibi, mbwa chini ya meza, nyama ya ng'ombe inanukia, mchuzi mzito, viazi vya kuoka. Siku nyingine yoyote ningekula sahani tatu. Nilishawahi kula nne, na mwenye baa akanipigia saluti. Leo sikuagiza hata kiazi. Hatukukaa mezani. Tulisimama kaunta wote wawili, Glenys amenishika mkono wa koti.

Nilisikia harufu kwanza. Tope la pwani, maji yakiwa yamekupwa. Halafu soksi yangu ya kushoto ikalowa. Nilitazama chini, maji yanatambaa sakafuni kuja kwetu. Nilipoinua macho alikuwa pembeni yangu. Uso wake sikuuona vizuri, na nilikuwa karibu naye kuliko ninavyokukaribia wewe, Sajini. Ulikuwa kama uso unaouona kupitia glasi yenye bia.

Mhudumu, mama wa makamo, akageuka kwetu. "Haya, nani anafuata?"

Mzee hakusukumana. Alinigeukia tu. Alikuwa anangoja nimpishe. Na mkono wangu, Sajini, huu hapa, ulianza kuinuka wenyewe, kiganja wazi. Nilikuwa namwonea huruma. Nilikuwa naona ni aibu mzee kama yule asimame amelowa na mimi mzima mkavu nitangulie. Ulimi ulishashika neno.

Glenys aliukamata mkono akaushusha kwenye kaunta, paa! Glasi zikaruka.

Nikasema, "Hapana. Wewe ngoja."

Baa nzima ilinigeukia. Sijawahi kuona baa ikigeuka hivyo Jumapili mchana. Nyuma yangu mtu akasema, "Adabu gani hii?" Mwingine akasema, "Mwachie mzee wa watu, ng'ombe wewe!" Uso wangu ulikuwa unawaka moto. Nimesimama juu ya minara, nimening'inia kwa kamba moja, na sijawahi kutamani kukimbia kama pale.

Nikamwambia mhudumu, "Anayefuata ni mdogo wangu. Anaitwa Keith Ollerenshaw. Amesimama kwenye kaunta tangu jana mchana na kila mtu anampita. Huyu alikuja baada yake."

Mhudumu akatazama kulia na kushoto. "Yuko wapi, mpenzi?"

Glenys akasema, "Painti moja ya bia ya kahawia. Ya Keith. Ni zamu ya Keith." Hakupaza sauti. Alisema tena, "Ni zamu ya Keith."

Yule mama alituangalia, akamwangalia na mzee. Sijui alichokiona, lakini hakuuliza tena. Akachukua glasi, akavuta bia polepole mpaka povu likafika juu, akaiweka kwenye ubao kati yangu na Glenys, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Akasema, "Haya, Keith. Yako hii."

Mzee aliitazama ile glasi. Alifungua mdomo na maji yakatoka, si mengi, kama mtu anayecheua. Mbwa mmoja chini ya meza alianza kulia kama mtoto.

Halafu mkono ukashika glasi. Niliutambua kwa kidole gumba. Ukucha wake niliuponda mimi kwa nyundo tukiwa wadogo. Keith alikuwa amesimama kati yetu, ameegemea kaunta, anakunywa. Akafuta povu mdomoni. Akasema, "Samahanini, palikuwa na watu wengi. Mmeshapata meza?"

Glenys alimpiga kofi, kisha akamkumbatia, kisha akamfunga mkanda wa mkoba wake kiunoni kama mbuzi. Nilipogeuka mzee hayupo. Maji yalikuwepo, yameelekea mlangoni.

Keith anasema alingoja dakika chache tu. Ndevu zake zina siku nzima. Viatu vyake vimejaa mchanga na hajui umeingiaje. Nilimshika shingoni, ni baridi kama samaki wa kwenye barafu, na baridi haijaisha mpaka sasa.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandikisha maelezo haya. Kutoka Kondoo Dume hadi hapa kituoni ni mwendo mfupi, lakini umetuchukua muda mrefu, kwa sababu Keith anampisha kila mtu. Mlangoni alisimama, mkono umeinuka, "Tangulia wewe," na mlangoni hapakuwa na mtu. Kwenye kivuko cha barabara hivyo hivyo. Kila akisema, sauti inapungua, na Glenys anamvuta kwa ule mkanda anarudi kidogo. Yule mzee bado yuko nje. Alichukua zamu moja tukamnyang'anya. Anataka nyingine.

Keith amekaa kwenye benchi hapo mapokezi, anangoja kuitwa atoe maelezo yake. Ninamwona kupitia kioo cha mlango huu. Tulipofika alikuwa wa kwanza. Sasa kuna watu wanne mbele yake.

Sajini, najua jina langu katika kituo hiki. Mambo ya nyangumi yafute, futa na shakwe, na kanisa, futa yote niliyowahi kusema maishani, sitadai. Bakiza hili moja. Usimalize kuandika ukaenda kunywa chai. Usiite kwa zamu. Toka sasa hivi umwite Keith Ollerenshaw kwa jina lake, kabla ya wote, hata akikataa, hata watu wakikutukana. Sisi tumekwisha tukanwa na hatujafa. Glenys ni mtu mmoja na mkono wake umechoka.

Nimesomewa niliyoyasema na ni yangu, hakuna nililoambiwa niseme na hakuna nililoongeza kulinogesha. Ninatia sahihi haraka.

(Sahihi) T. Ollerenshaw

MAELEZO YA OFISA: Nimeandika kama shahidi alivyosema. Hakuwa amelewa. Nilitoka mapokezi saa tisa na dakika ishirini. Bi. Glenys Ollerenshaw alikuwa ameshika mkanda kwa mikono miwili. Bwana Keith alikuwa amesimama, amenyoosha mkono kumpisha mtu aliyekuwa ameketi pembeni yake, mzee mwenye koti, ambaye kijana wa mapokezi hana kumbukumbu ya kumpokea. Mzee huyo alianza kunijia. Nilimwambia, "Wewe ngoja." Ni mara ya kwanza kumwambia hivyo mzee katika miaka kumi na tisa ya kazi. Nilimwita Bwana Keith kwa jina mara mbili, kisha nikamshika mkono nikamwingiza mwenyewe. Waliokuwa wakingoja wamelalamika na malalamiko yao nimeyapokea. Bwana Keith ameketi mbele yangu pamoja na mkewe na kaka yake. Ameombwa achague chai au kahawa, na baada ya kufikiri sana amesema chai, ya kwake. Mlango nimeufunga kwa ufunguo.

M. Tuckwell, Sajini